Alama Nyekundu ya Verlin Haskew

Mlio ule haukuwa wa bastola. Bastola za uwanja wa Kijito Kikavu hulia kivivu, pu, pu, pu, kisha vibao vya chuma vinajibu ting, na watu wanacheka. Huu ulikuwa mmoja tu, mzito, wa kutikisa kifua, na baada yake hakuna chuma kilichojibu.

Verlin Haskew alikuwa nyuma ya kamba na kikombe chake cha kahawa. Aliona kofia ya rafiki yake Orrin Tuckett ikipaa. Akasikia kitu kikigonga paa la mabati la ile benki ya maigizo ya mbao ambayo wanachama waliijenga kwa mikono yao ili waje kuiibia kila mwezi. Moshi ulipotawanyika, Orrin alikuwa bado amesimama, ameshika mpini wa bastola, na juu ya mpini hakukubaki kitu cha maana.

"Orrin! Kaa chini, bwana! Kaa chini!"

Orrin hakukaa. Aligeuka akawatazama watu, damu inamtiririka shavuni hadi kwenye kizibao chake cha hariri, kidole cha shahada kimeelekea upande ambao kidole hakielekei.

"Nimekipata?" akauliza kwa sauti ya kupiga kelele, maana masikio yalikuwa yameziba. "Kile chuma, nimekipata?"

Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bibi yake mzaa bibi aliketi palepale kwenye vumbi.

Watu hawa si majambazi wala si askari. Ni wakulima waliostaafu, wauguzi, mafundi wa mabasi ya shule, watu wa Idaho ya kusini ambao wikiendi moja kila mwezi huvaa kofia pana na mikanda ya risasi, wakapeana majina ya utani, wakashindana kupiga vibao vya chuma kwa bastola za mtindo wa kale. Orrin jina lake lilikuwa Maharage, kwa kuwa ndiye aliyepika maharage ya mchana. Verlin walimwita Padri, kwa kuwa ndiye aliyewahubiria kila asubuhi kabla ya risasi ya kwanza.

Na mahubiri yalikuwa yale yale. Risasi za dukani ni ghali, kwa hiyo kila mtu hushindilia zake nyumbani: ganda lililotumika, baruti mpya, kichwa kipya cha risasi. Lakini kwa mchezo huu baruti hutiwa kidogo ili bastola isirushe mkono, na yale maganda ya kizamani ni makubwa. Baruti inakaa chini kabisa, kama sukari chini ya kikombe. Ukijisahau ukatia mara ya pili, haimwagiki, haijai, haikuambii kitu. Ndiyo maana Verlin alikuwa akipanda juu ya gari la farasi lisilo na farasi, anainua kidole na kusema: "Tia mara moja. Mulika tochi, chungulia kila ganda. Na usipige risasi aliyoshindilia mtu mwingine, hata awe mama yako mzazi!" Watu wote waliitikia amina, kwa utani, lakini waliitikia.

Orrin yeye alitumia baruti nyingine, ile nyepesi ya vipande vipande kama pumba, ambayo ukitia mara mbili inafurika mezani. Verlin aliidharau sana. "Hiyo ni baruti ya watu wasioyaamini macho yao," alikuwa akimwambia.

"Ndiyo, siyaamini," Orrin alijibu kila mara. "Ndiyo yaliyonichagulia mke wa kwanza."

Sasa Orrin alikuwa anasaidiwa kuingia kwenye gari la binti yake, taulo limefungwa mkononi, na Verlin, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, alipandwa na mahubiri. Hofu ikimpata mtu mwingine hulia. Yeye ilimfungua mdomo.

"Nimemwambia mara ngapi?" akawauliza watu. "Meza yake ya kushindilia mmeiona? Soko la mbuzi! Makopo matatu ya baruti wazi kwa pamoja, redio inaimba, yeye anatafuna bisi. Amechanganya makopo, hilo halina ubishi. Kazi hii haitaki mtu wa bora liende!"

Akaona majanini nusu ya silinda ya bastola, lile gurudumu linalobeba risasi, imepasuka kama kipande cha nazi, bado ina joto. Akaiokota kwa leso ili awaonyeshe ushahidi. Ndani yake ganda moja lilikuwa limenasa, limechanika ubavuni. Verlin akaigeuza, akaisogeza karibu kabisa na pua yake.

Kitakoni mwa ganda lile kulikuwa na mstari wa rangi ya kucha. Nyekundu.

Kila mshindiliaji huwa na alama yake, ili maganda yakidondoka majanini kila mtu aokote ya kwake. Wapo wanaochora kwa kalamu ya bluu, wapo wa kijani. Nyekundu ya kucha, iliyotoka kwenye kichupa cha Nadine mke wake, ilikuwa ya mtu mmoja tu katika bonde zima.

Aliikunja leso juu ya chuma kile, akaitia mfukoni.

"Tutaichunguza," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Alipoinua macho, Nadine alikuwa amesimama kwenye meza ya kujazia, na mbele yake bastola zake mbili zikiwa tayari, zimejaa risasi alizoshindilia Verlin, zikisubiri zamu yake ambayo ingefuata ya Orrin. Hakuwa amezigusa tena. Mikono yake ilikuwa imeshikana kifuani.

* * *

Walipovuka daraja, Nadine alimgeukia ndani ya gari.

"Nilimpa tano," akasema. "Mkanda wake ulikuwa mtupu, akaniomba, nikampa."

"Ulimpa risasi zangu? Nadine! Sheria ninayoisema kila siku—"

"Sheria ya pili ni kuchungulia, Verlin. Usirukie ya tatu."

"Mimi nilichungulia! Nachungulia kila ganda!"

"Basi tutaona."

Gereji ya Verlin ilikuwa safi kuliko majiko ya watu wengi. Kopo moja tu la baruti mezani, sheria yake. Mashine ya kushindilia imepakwa mafuta, tochi imening'inia kwenye msumari wake. Nadine akamwaga mezani risasi zote alizobaki nazo, zile za mkanda na zile alizozitoa kwenye bastola, kisha akachukua ile nyundo ya plastiki ya kung'olea. Unaingiza risasi kichwani mwa nyundo, unaigonga sakafuni, kichwa cha risasi kinatoka na baruti yake inabaki ndani. Alipiga magoti kwenye saruji, na gauni lake la maua na mkanda wake wa ngozi, akaanza kugonga.

"Tungezipima tu zilivyo," Verlin akasema. "Zenye uzito zaidi—"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haisaidii. Maganda yenyewe hayalingani uzito, na vichwa vile vile. Kaa pale kwenye mzani."

Alikaa. Kila baruti iliyotoka aliipima, naye Nadine alisimama nyuma yake kusoma tarakimu. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Kila ya sawa ilimrudishia pumzi kidogo, na ilipofika ya mwisho nayo ikawa sawa, Verlin akajipiga paja.

"Umeona? Zote! Bastola ya Orrin ilikuwa kuukuu, chuma kimechoka. Jamani, nilikuwa nakufa hapa kwa hofu."

Nadine hakufurahi. Alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuipenda.

"Nenda kaniletee maji ya kunywa," akasema.

Aliporudi na glasi, alikuta maganda yamesimamishwa kwenye kile kibao chake chenye matundu, yamepangwa safu kwa safu chini ya taa, baruti imeshatiwa ndani, kama yanavyokuwa kila anaposhindilia kabla ya kuyafunga kwa kichwa.

"Chungulia," Nadine akasema. "Kama unavyochungulia siku zote. Usiharakishe."

Aliona huo ni mchezo wa kitoto, lakini alikuwa mtu wa kuridhisha watu alipofurahi. Akachukua tochi. Akainama, akapita safu ya kwanza, akapita ya pili, akarudi nyuma kidogo kuonyesha kwamba yeye si mtu wa bora liende. Katika kila ganda aliona kile alichokuwa akikiona miezi yote hii: shimo, mwanga, na chini ya mwanga kitu cha kijivu.

"Sawa," akasema. "Zote ziko sawa."

"Una hakika?"

"Nadine, kazi hii nimeianza hata Kristo hajazaliwa."

Nadine akachomoa ganda moja katikati, akamshika mkono, akalimimina kiganjani mwake. Akachomoa jingine, akamimina kwenye kiganja cha pili. Rundo moja lilikuwa mara mbili ya lenzake. Hata kipofu angelijua kwa kugusa.

"Hilo nimelitia mara mbili," akasema. Kisha akachomoa la tatu, akaligeuza juu ya meza. Hakikudondoka kitu. "Na hili sikulitia hata chembe. Umelimulika, Verlin. Umelimulika ukasema sawa."

Alilitazama lile ganda tupu. Alitaka kusema taa ni mbaya, au tochi imeishiwa betri, au amemzungusha kwa kumtuma maji. Akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya sanduku la spana.

"Tangu lini?" Nadine akauliza.

"Sijui."

"Mimi nakuuliza tangu lini."

"Daktari aliniambia wakati wa theluji," Verlin akasema. "Mtoto wa jicho. Yote mawili. Alisema ni upasuaji mdogo, nusu saa, watu wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nikamwambia nitafikiria."

"Wakati wa theluji."

"Nilikuwa naona, Nadine. Naapa nilidhani naona."

Nadine alikuwa amesimama na lile ganda tupu mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na vicheko vingi, na sasa akakosa wa kumlaumu zaidi ya huyu mzee aliyekaa juu ya spana.

"Nimekuwa nazipiga mimi," akasema. "Tangu theluji, Verlin. Nazipiga hapa." Akainua mkono ulionyooka mbele ya macho yake, kama anayelenga. "Mbele ya uso wangu."

Verlin akalia, na hakujificha.

* * *

Jioni walimkuta Orrin hospitalini, amekaa kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, shavu limeshonwa, anakula rojo la tufaha kwa mkono wa kushoto na kujipaka kidevuni.

"Padri!" akaita kwa nguvu, maana sikio moja lilikuwa bado halijarudi. "Shemeji! Karibuni. Kidole wameniachia. Wanasema kitakuwa kigumu, nikamwambia daktari hata mimi ni mgumu, tutaelewana."

Nadine akambusu kichwani. Verlin alibaki mlangoni na kofia mkononi. Akatoa leso, akaifungua juu ya shuka.

"Ni yangu, Orrin. Ni mimi niliyetia mara mbili."

Orrin hakukitazama kile chuma hata kidogo.

"Najua," akasema. "Mimi naingiza risasi moja moja, bwana. Naona ninachoingiza. Mimi si kipofu."

Lilimwingia Verlin pale palipokuwa panauma. "Kama uliona ni nyekundu, kwa nini uliipiga? Si nimesema kila siku, Orrin! Hata awe mama yako!"

"Kwa sababu ilikuwa yako." Orrin aliweka kijiko chini. "Zangu huwa napiga nimekunja uso, nikingoja balaa. Zako nilipiga nimefumbua macho kabisa. Nilisema leo angalau niko salama."

Verlin alishika ubao wa kitanda. Afadhali angetukanwa.

"Sikiliza," Orrin akaendelea, ameshusha sauti kwa kadiri mtu kiziwi anavyoweza. "Mwenyekiti Twyla amenipigia simu. Kesho wanataka kupiga kura nitoke chamani, kwamba mimi ni hatari. Waache wanitoe. Mimi nimeshajulikana ni mpumbavu, upumbavu mmoja zaidi unaongeza nini? Lakini wewe wakiacha kukuamini, nani atawahubiria? Kesho kutwa mtu atatia mara tatu. Nyamaza, Padri. Mimi sitasema."

Nadine alimtazama mumewe. Verlin aliikunja leso, na waliporudi nyumbani wote wawili walilala wakitazama dari, kila mmoja akijua mwenzake hajalala.

* * *

Jumapili asubuhi watu walikuja na sura za msibani. Kofia, vizibao, magauni marefu, na kila kiuno na mkanda wake wa risasi, tayari kwa siku ya pili. Bati la benki lilikuwa na tundu, na kila aliyefika alikwenda kwanza kulitazama, akarudi akitikisa kichwa. Twyla Birkett, mwenyekiti, waliyemwita Jaji, alipiga filimbi.

"Padri atatuhubiria," akasema, "kisha tutapiga kura juu ya Maharage. Sipendi, lakini tumeona wenyewe. Angalikuwapo mtu karibu yake angalikufa."

"Ni kweli," sauti zikasema. "Amezidi yule. Kila siku mzaha."

Verlin alipanda juu ya gari la farasi. Alikuwa amepanda pale miaka na miaka, na ilikuwa mara ya kwanza miguu yake kuutafuta ubao. Mbele yake nyuso zote zilikuwa ukungu wenye kofia. Wahenga walisema mwosha huoshwa, lakini hawakusema kwamba maji yenyewe ni ya baridi namna ile.

"Jana nimemsema Orrin akiwa anavuja damu," akaanza. "Nikasema ni meza yake, redio yake, bisi zake. Twyla, shika hiki. Kipitishe kwa watu. Kiangalieni kitakoni."

Kipande cha silinda kikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeuliza ile rangi ni ya nani. Kwa miaka wote walikuwa wakimwokotea maganda yale majanini na kumrudishia kwenye kofia zao. Kikapita kutoka mbele mpaka nyuma.

"Baruti ya Orrin ingefurika," Verlin akasema. "Ile niliyoicheka. Yangu haikufurika, na mimi sikuiona, kwa sababu sioni. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na niliambiwa, na nikaficha. Jana mke wangu ameniwekea ganda tupu chini ya taa, nikalichungulia, nikasema limejaa. Kwa hiyo kura ya kumtoa mtu msiipige juu ya Orrin."

Alidhani sasa watamzomea. Alikuwa amejiandaa kwa hilo usiku kucha. Lakini kilichokuja hakikuwa zomeo. Kwanza ilikuwa kama pumzi, ya mtu mmoja, kisha ya watu wengi, halafu akasikia ngozi ikifunguliwa.

Twyla Birkett, mwanamke aliyeendesha basi la shule miaka yote bila hata kukwaruza kioo, alikuwa anauvua mkanda wake. Akachomoa risasi moja, akaigeuza, akasogea hadi kwenye lile pipa lililogeuzwa kuwa meza, akaisimamisha juu yake kichwa chini, kitako chenye mstari mwekundu juu.

"Nadine alinipa tano theluji ilipoyeyuka," akasema, na hakumwangalia mtu. "Niliziweka kwa raundi ngumu. Nilisema, za Padri hizi, za bahati."

"Twyla, hata wewe?" Nadine akasema, kisha akajifunika mdomo, maana alikumbuka. Aliwakumbuka na wengine. Huyu aliomba nne kwenye foleni ya maharage. Yule alisema zake zimelowa. Kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyevunja sheria, na mkono wa Nadine haujui kunyima.

Mzee mmoja mwenye masharubu ya kupakwa nta akaja mbele, akaweka mbili. Nyuma yake muuguzi wa watoto. Nyuma yake mume na mke waliokuwa wameanza kunong'ona kwa hasira, "Ulisema umenunua," "Nyamaza tu, vua." Mwanamke aliyeketi vumbini jana alikuwa anazichomoa kwenye bastola yenyewe, aliyokuwa ameshaijaza kinyume cha kanuni, na Twyla akamshikia.

Verlin hakuweza kuzihesabu. Kutoka pale juu aliona tu wekundu ukitanda juu ya pipa. Lakini alizisikia, shaba juu ya mbao, tak, tak, na miguu ikiburuta vumbi. Walikuwa wameitikia amina kila asubuhi, huku mikanda yao imebeba risasi zake, kinyume cha amina hiyo.

Nadine alikuwa amepanda akasimama kando yake. Verlin akautafuta mkono wake.

"Ni ngapi?" akamwuliza.

"Sijui," Nadine akasema. "Bado wanaleta."